Fundi tu

"Njoo baada ya Saba Saba, mama. Asali itakuwa imeshachujwa yote."

Nilisema hivyo mwanzoni mwa Juni, nyuma ya nyumba yangu hapa Tabora, chini ya mwembe, huku nakaza kifuniko cha ndoo. Niliyekuwa naongea naye ni mama mfanyabiashara kutoka Masaka, Uganda. Huja kununua asali ya miombo kwa ndoo za lita 20, hulipa taslimu, na akishaonja habishani bei. Alikuwa anaandika hesabu kwenye daftari. Kalamu ikasimama.

"Baada ya nini?"

"Saba Saba. Tarehe saba, mwezi wa saba. Sikukuu."

Akanitazama kama mtu aliyesikia jina la marehemu wake likitajwa na mgeni.

"Kumbe nyinyi mnaifanyia sikukuu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu Saba Saba ni TANU, ni maonesho, ni watoto kuvishwa nguo nzuri. Kwao, kwa watu wa umri wake, Saba Saba ni jina la silaha. Ndivyo raia wa Uganda walivyoiita mitambo yetu ya roketi ilipowafikia mwaka 1979. Jina hilo nililijua tangu kazini. Sikuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu aliyekuwa upande wa pili.

Nikamweleza haraka habari za TANU na mwaka 1954. Akatikisa kichwa, ameelewa. Kisha akasimulia bila kuombwa, kwa sauti ileile anayotajia bei. Alikuwa na miaka kumi. Walikuwa watoto watano kwa bibi yao, pembeni ya mji wa Masaka. Milio ilipoanza, bibi akawatoa wote hadi kwenye migomba, akawalaza kifudifudi. Halafu akakumbuka kwamba mlango ameuacha wazi. Akarudi kuufunga.

Hakumalizia, na hapakuwa na haja.

Nami, Mungu anisamehe, nikauliza: "Mlio wenyewe ulikuwaje? Mmoja mmoja, au mfululizo?"

Mtu wa kawaida haulizi hivyo. Akafunga daftari.

"Mzee, wewe ulikuwa jeshi?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Lakini mimi nilikuwa fundi tu."

## Neno lenyewe

Wiki tano sasa hilo "tu" limenikaa kooni.

Nimelitumia maisha yangu yote. Kila aliyeuliza nilifanya nini jeshini kwa miaka 25 nilimjibu hivyo. Mke wangu nilimjibu hivyo kabla hajawa mke wangu. Wanangu walipokuwa wadogo, wakaniuliza kama nimewahi kuua mtu, niliwaambia baba ni fundi tu, anatengeneza magari. Na ni kweli kwamba sijawahi kufyatua hata roketi moja kumwelekea binadamu. Niliingia jeshini mwaka 1985, vita imeshaisha miaka sita nyuma. Nikastaafu 2010.

Lakini mbele ya yule mama neno lile lilisikika vingine. Lilisikika kama mtu anayenawa mikono kabla hajaulizwa ameshika nini.

Niseme jambo mapema nisije nikaeleweka vibaya. Vita ile sina shaka nayo. Waliovuka mpaka Oktoba 1978 walikuwa askari wa Idi Amin, hawakuwa sisi. Daraja la Kyaka hatukulilipua sisi. Uwezo, sababu na nia: vyote vitatu tulikuwa navyo, na hadi leo nikiisikia sauti ya Mwalimu ikivitaja, mwili unanisisimka. Kinachoninyima usingizi kiko karibu zaidi kuliko mpaka wa Mutukula. Ni mikono yangu hii.

## Treni za msimu wa embe

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 13. Reli inagawanyika hapa Tabora, njia moja inakwenda Kigoma, nyingine Mwanza. Novemba ile treni ndefu zikaanza kupita kuelekea Mwanza, askari wamejaa madirishani, nyuma yao mabehewa yasiyo na paa, na juu yake vitu vikubwa vimefunikwa turubai.

Ilikuwa msimu wa embe. Sisi watoto wa mtaa wa karibu na stesheni tulibeba vikapu, tukawagawia bure, na hakuna mama aliyetugombeza. Askari mmoja alinivika kofia yake. Treni ilipoanza kusogea akainama dirishani akaichukua tena, akacheka.

Siku hiyo niliamua nitakuwa nani.

Sikujua kilichokuwa chini ya turubai. Miaka kadhaa baadaye nikawa ninayeshona turubai za namna ileile zilipochanika.

## Mitutu 40

Mtambo unaitwa BM-21. Ni kazi ya Warusi, uliingia katika jeshi lao mwaka 1963. Ni lori la Ural la magurudumu sita, na mgongoni limebeba mitutu 40 iliyopangwa safu nne, kila safu kumi. Roketi moja ina kipenyo cha milimita 122, urefu unakaribia mita tatu, uzito kilo 66 na ushee. Katika hizo, kilo 18 hivi ndizo kichwa chenyewe kinacholipuka. Zote 40 hutoka ndani ya sekunde 20, na hufika kilomita 20. Ukizirusha kutoka stesheni ya Tabora, zikipita juu ya Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, hazijamaliza hata nusu ya safari.

Injini ilikuwa ya petroli, silinda nane, na ilikunywa mafuta kama ardhi ya kiangazi inywavyo mvua ya kwanza. Lakini injini fundi yeyote angeiweza. Kazi yangu hasa ilikuwa mitutu.

Ndani ya kila mtutu kuna mfereji mmoja uliojiviringa kama hesi ya boliti iliyonyooshwa. Roketi ina kijipini kinachopita humo, nacho huizungusha polepole inapotoka. Ikishatoka, mapezi yake manne yaliyokunjwa yanafunguka. Mfereji ukiwa na kutu au masizi ya mazoezi yaliyopita, roketi hutoka imeyumba. Kuyumba kwa upana wa ukucha pale mtutuni, kule inakoangukia ni jambo jingine kabisa, ni nyumba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kila baada ya mazoezi tulisugua. Brashi ya mpini mrefu, watu wawili, mmoja anasukuma mwingine anavuta. Kisha kitambaa. Kisha mafuta. Kisha kitambaa tena, na hicho cha mwisho lazima kitoke cheupe. Mara 40.

Masika adui yetu alikuwa nyigu, yule anayejenga kwa tope. Tundu lolote ukiliacha wazi siku mbili, yeye anahamia. Viota vyake nilivitoa kwa kijiti cha mwanzi, kwa sababu chuma kingekwaruza.

Roketi zenyewe zilitaka uangalizi wa mgonjwa. Baruti inayozisukuma imegandishwa, ngumu kama sabuni ya mche, na ikipigwa na joto la mchana na baridi ya usiku miaka nenda miaka rudi, inaweza kupata ufa. Ufa maana yake moto unapata eneo kubwa zaidi la kula kwa mara moja. Presha inapanda, na roketi inaweza kupasuka palepale mtutuni. Tuliyainua masanduku juu ya mbao, tukaacha nafasi hewa ipite, tukasoma kipimajoto cha ukutani asubuhi na jioni na kuandika. Nimekilinda kivuli maishani mwangu kuliko nilivyowahi kulinda fedha.

Halafu umeme. Kila mtutu una kigusio kidogo cha kupeleka cheche kwenye kitako cha roketi. Kabla ya kupakia tulivijaribu vyote, mwenzangu ndani ya kebini, mimi nyuma na taa ndogo ya majaribio. Yeye anaita namba, mimi natazama taa.

"Moja."

"Safi."

"Mbili."

"Safi."

Hadi 40.

Niliipenda kazi hii. Kuna raha ya pekee katika kukishika chuma kilichobuniwa kwa ajili ya theluji ya ugenini, ukakifanya kitii kwenye vumbi la Tanzania. Sitaificha raha hiyo kwa kuwa leo nina mashaka.

## Namba 31

Mahali sipataji, wala kikosi. Yalikuwa mazoezi ya kulenga shabaha, nami nilikuwa koplo.

Roketi zikaanza kutoka. Kila askari wa mtambo ule huhesabu, hata asipotaka, midomo inajiendea yenyewe. Moshi ulipopungua tulitazamana. Zilikuwa 39.

Moja imegoma.

Tulisubiri muda uliowekwa. Ukapita, tukasubiri tena. Waya wa kufyatulia ukaondolewa, kisha nikaitwa. Hiyo ndiyo maana ya fundi: wenzake wakirudi nyuma, yeye anakwenda mbele. Miguu yangu siikumbuki. Nakumbuka harufu ya nyasi zilizoungua, na jinsi mitutu ilivyokuwa inatoa joto usoni kama jiko la mkaa, isipokuwa mmoja. Tuliivuta ile roketi kwa nyuma, watu wawili, taratibu, kama mnavyomsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa.

Kwenye kigusio palikuwa na kutu, tone lisilozidi punje ya ulezi.

Asubuhi ile namba 31 niliiita "safi". Nakumbuka vizuri. Dereva wa lori la chakula alikuwa ameniita jina, nikageuka, na mdomo ukasema safi kabla macho hayajarudi kwenye taa.

Nilikiri, nikapewa adhabu niliyostahili. Afisa aliniambia neno moja tu: "Ingekuwa vitani, Koplo, ungetuua."

Neno hilo lilikuwa aibu yangu kwa miaka mingi. Sijawahi tena kuita safi bila kuona. Nilipopanda cheo nikawa nawasimulia vijana wa karakana kisa hicho mwaka baada ya mwaka, ili waogope ninachokiogopa.

Sasa huyu mama amekuja, na kisa kimenigeukia.

Tuseme ingekuwa vitani kweli. Tuseme Februari 1979, usiku, pembeni ya Masaka, na fundi mmoja asubuhi yake amegeuza kichwa akaita safi bila kutazama. Roketi moja isingetoka. Ingebaki mtutuni na baridi yake. Pengine ni hiyo iliyokuwa inakwenda kwenye mlango wa bibi.

Nimelala na wazo hili usiku mwingi. Kosa baya kuliko yote niliyofanya kazini, likihamishwa siku na mahali, linakuwa uhai wa mtu. Na kitambaa cheupe, kile nilichojivunia, kinakuwa kitu kingine.

Na bado najua kwamba nikirudishwa pale leo, nitatazama taa.

## Aliyenifundisha

Kazi nilifundishwa na sajini taji mmoja aliyepigana vita ile mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya magari niliyokabidhiwa aliyajua tangu huko, kwa mlio wake, kama mfugaji anavyojua mbuzi wake gizani.

Kisa cha Lukaya alikisimulia kila alipopata wa kumsikiliza. Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walirusha roketi za namna hii hii kuelekea kwa brigedi yetu ya 201. Zilipita juu ya vichwa, hazikuwapiga. Lakini mgambo wengi waliokuwa hawajawahi kuusikia mlio ule walivunja safu wakakimbilia kwenye kinamasi. "Silaha hii inapiga masikio kwanza," alikuwa akisema. "Mwili baadaye."

Kisa cha Masaka hakukisimulia. Kila mtu anajua kwamba mji ule uliumizwa sana, na kwamba hasira ya uvamizi wa Kagera ilikuwa imo ndani yake. Ukimuuliza alijibu, "Tulipiga, tukasonga," akachukua spana.

Na kulikuwa na jambo ambalo nililiona kwa miaka bila kuliona. Kwenye mazoezi, roketi zikitoka, sote tulizifuata kwa macho hadi zipotelee angani. Yeye alitazama chini, kwenye buti zake. Siku moja nikathubutu.

"Afande, mbona huangalii?"

"Nilishaona zinakofika."

Nilidhani ni jibu la mzee aliyechoka. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na mikono yangu ilikuwa inanukia mafuta na sifa. Amefariki sasa, na swali ninalotaka kumuuliza haliwezi tena kumfikia: kwa nini basi, baada ya kuona, aliendelea kunifundisha kusugua mitutu hadi kitambaa kitoke cheupe?

## Mbagala, Gongo la Mboto

Kuna siku wiki hizi nilitaka kujifariji kwa njia ya mkato. Nikawaza: labda fundi mwema ni yule mvivu. Aache kutu ile, aache nyigu wajenge, silaha ife pole pole na watu wapone.

Halafu nikakumbuka tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha lilipolipuka Mbagala. Na tarehe 16 Februari 2011, Gongo la Mboto. Mara zote mbili watu zaidi ya 20 walikufa, Watanzania, majumbani na mitaani mwao, na makombora yakaruka hadi mitaa ya mbali. Usiku wa Gongo la Mboto nilikuwa nimeshastaafu. Nilikaa na simu mkononi hadi alfajiri nikiwatafuta wenzangu mmoja mmoja, mtandao unakata, unarudi, unakata.

Sizungumzii chanzo chake. Nasema ninachokijua kwa vidole: roketi ikisahauliwa haifi. Inazeeka, na kuzeeka kwake ni kubaya kuliko ujana wake. Anayeishi kandokando ya ghala anamhitaji fundi makini kuliko anavyomhitaji mlenga shabaha.

Kwa hiyo uvivu nao hauniponyi. Ningelegeza mkono, ningemwokoa bibi wa Masaka na kumwua bibi wa Mbagala. Nikikaza, ni kinyume chake. Nimelizungusha jambo hili pande zote, sijapata upande ambao fundi anasimama pembeni akasema "mimi tu".

Nikafika hapo na nimebaki hapo. Nilikuwa fundi. Hilo neno la pili nimelitoa.

## Mizinga na mizinga

Barazani wazee wenzangu wana maneno yao: "Umetoka kwenye mizinga, umerudi kwenye mizinga." Lugha yetu imeipa nyumba ya nyuki na bunduki kubwa ya jeshi jina moja, na wao wananitakia mema. Wanamaanisha kwamba nimemaliza salama, sasa nala asali.

Nilizoea kuyapokea maneno hayo kama baraka. Ni kweli kwamba mizinga ya magogo, ikiwa imening'inia miomboni kule Sikonge, ukiitazama kutoka chini inafanana na mitutu. Lakini siku hizi wakisema hivyo nanyamaza. Ndoo ya asali haifuti chochote, na sitaki kuuza asali yangu kama kafara. Naiuza kwa sababu ni nzuri na kwa sababu kiinua mgongo kimeisha.

## Jumatano

Alikuja Jumatano, baada ya Saba Saba, kama tulivyoagana. Ndoo sita zilikuwa tayari kivulini. Mke wangu akaleta chai, akatuacha.

"Mama," nikasema, "siku ile nilikuambia mimi nilikuwa fundi tu. Nilikuwa fundi wa zile. Saba Saba. Masaka sikuwepo, nilikuwa mtoto kama wewe. Lakini mitambo niliikuta, na miaka 25 nimeitunza isiharibike. Niliitunza vizuri."

Sikupanga kuongeza hilo la mwisho. Lilitoka kwa sababu ni kweli.

Akakoroga chai muda mrefu. Kuku walipita katikati yetu na vifaranga vyake.

"Zilikuwa ngapi?" akauliza. "Kwa mara moja."

"Arobaini."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayelinganisha hesabu mbili.

"Sisi tulifika kumi na mbili," akasema. "Bibi alituambia tuhesabu ili tusilie. Alipoondoka tukaendelea kuhesabu. Tulifika kumi na mbili."

Sikujibu. Hakuwa ameniuliza kitu.

Akanywa chai yake yote, akainuka, akafungua ndoo ya kwanza, akachovya kijiti akaonja. Akaomba mizani. Tukaanza kupima, mimi nainua, yeye anasoma namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Kila aliposoma niliinama nikaitazama namba kwa macho yangu mwenyewe, ndipo nikasema ndiyo.